Mwalimu Karwirwa na Mizabibu ya Kiritiri

Nilifundisha na Jedidah Karwirwa miaka kumi na saba katika shule ya wasichana pale Kaaga, mjini Meru. Yeye alikuwa wa Biolojia, mimi wa Kiswahili, na meza zetu katika chumba cha walimu ziligusana. Sauti yake ilijulikana na kila mtu. Hata akiwa katika darasa la mwisho kwenye jengo, sisi tuliokuwa tukisahihisha madaftari tulijua amefika kwenye figo au kwenye maini.

Sauti hiyo ndiyo iliyomwacha. Ilianza kama mafua yasiyopona, ikawa mkwaruzo, hadi asubuhi moja akafungua kinywa mbele ya wasichana hamsini na watatu na hakuna neno lililotoka. Daktari aliona vinundu kwenye koo. Baada ya upasuaji alipata sauti ya chini, ya kukwaruza, inayomtosha mtu aliyekaa karibu, lakini si darasa. Akiwa na miaka hamsini na mmoja aliomba kustaafu mapema. Mumewe, Gitobu, alikuwa amefariki miaka minne kabla, na hawakujaliwa mtoto.

Kaka yake Kaimenyi, mzee wa kanisa kule Kanyakine, alimtengea chumba nyumbani kwao. Alimwambia arudi apumzike, achume kahawa kidogo akitaka. Karwirwa alimshukuru, kisha akatuambia sote kwamba anahamia Kiritiri, kwenye ekari nne ambazo Gitobu alinunua zamani akitaka kufuga mbuzi na asifuge hata mmoja.

Sisi wa Meru tumezoea baridi, migomba na majani chai. Kiritiri iko chini kabisa ya Embu, upande wa Mbeere, ambako jua linapiga mawe mpaka jioni na miti yenyewe ni ya miiba. Nilimuuliza atalima nini huko.

"Zabibu," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri, kwa sababu ya ile sauti.

Lakini yeye alijua vizuri alichokuwa akisema. Miaka yote aliyofundisha mimea, alisoma mengi ambayo hayakuwa kwenye mtihani, na alijua mzabibu hupenda joto, ukavu na udongo usiotuamisha maji. Alijenga nyumba ya vyumba viwili, akavuta bomba kutoka kisima cha jamii, akasimamisha nguzo na nyaya, na mwezi wa nne akapanda vipando mia tatu alivyonunua kwenye kitalu.

Jirani yake wa karibu alikuwa Njagi, mfugaji wa mbuzi aliyekuwa pia na mizinga ya nyuki. Njagi alimtazama wiki nzima akichimba mashimo kabla ya kuja kumsalimia. Aliuliza kama hiyo ni miraa ya aina mpya. Alipoelezwa, alisema hajawahi kuona zabibu ila kwenye picha za kanisani, akachukua jembe akamsaidia mashimo yaliyobaki.

Mizabibu ilishika. Baada ya mwaka mmoja na miezi michache ilikuwa imefunika nyaya zote, kijani kibichi katikati ya vumbi, na watu walikuwa wakipita njia ile makusudi waione. Ila haikuzaa. Majani matupu. Karwirwa alisoma vitabu vyake tena, na vyote viliandikwa kwa ajili ya nchi zenye theluji, ambako mzabibu hulala wakati wa baridi na kuamka wenyewe. Kiritiri haina baridi ya kumlaza mtu yeyote.

Kwa hiyo akapanda basi mpaka Dodoma. Alikaa wiki tatu kwa mama mmoja aliyelima zabibu tangu ujana wake, akalala kwake, akavuna naye, akacheka naye kuhusu Kiswahili chetu cha huku. Alirudi na mkasi mkubwa wa kupogolea na jambo moja alilolikariri: penye joto la mwaka mzima, mkulima ndiye anayeulaza mzabibu.

Nilikuwepo wikendi ile ya Septemba. Aliingia shambani alfajiri akaanza kukata. Hakupunguza matawi. Aliyakata yote, akang'oa majani yote, akaacha vishina na vijitawi viwili vitatu vifupi kama vidole. Kufikia saa nne nusu ya shamba ilikuwa uchi, na watu walikuwa wamejipanga kwenye ua wa shamba wakitazama kama walio kwenye mazishi. Njagi aliingia ndani akamsogelea.

"Mwalimu, hii miti imekukosea nini?"

"Haijanikosea. Naipeleka kulala."

Njagi aliniangalia mimi, kana kwamba ni mimi niliyestahili kumzuia. Karwirwa aliendelea kukata. Alimaliza Jumapili mchana, akaketi kwenye ndoo, akaniambia kwa ile sauti ndogo kwamba kama amekosea, atakuwa ameua shamba zima kwa siku mbili.

Siku ya kumi na sita alinitumia picha: chipukizi, na kando yake kitu kidogo kama kishada cha mbegu. Lilikuwa ua. Januari alivuna kreti arobaini, na wachuuzi wa Embu walizifuata mpaka shambani.

Kisha akataka kutengeneza divai, nayo ilimshinda mara ya kwanza. Kibali cha serikali kilipopatikana alikamua mapipa mawili, na yote yakageuka siki. Njagi, ambaye amepika muratina, pombe ya asali ya kienyeji, tangu akiwa kijana, alifunua pipa, akanusa, akatikisa kichwa. Alimwambia pombe ikichemka iachiwe nafasi ya kupumua, lakini ikinyamaza ifunikwe siku hiyohiyo, isione hewa tena. Mwenye shahada ya sayansi alichukua kalamu akaandika. Ile siki tuliila na kachumbari mwaka mzima. Mapipa yaliyofuata yalikuwa divai, nyekundu, kali kidogo, nzuri.

Habari zilifika Kanyakine. Kaimenyi alishuka mwenyewe, amevaa koti katika joto lile, akasema asichoweza kusema kwa simu.

"Karwirwa, kanisani wananiuliza kama dada yangu anapika pombe."

"Waambie ndiyo. Na uwaambie naipika vizuri."

Alikasirika. Lakini ulikuwa wakati wa mavuno na mikono ilikuwa michache, na Kaimenyi hajawahi kukaa akitazama watu wakifanya kazi. Alivua koti. Alichuma mpaka jua likaelekea kuzama, akala na sisi muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, hakugusa glasi, na Karwirwa hakumsukumia. Alipoondoka alibeba kreti mbili za zabibu za kumpelekea mkewe. Tangu hapo anakuja kila mavuno.

Majirani saba sasa wamepanda mizabibu, Njagi akiwa wa kwanza, ingawa mbuzi wake walikula safu ya kwanza yote akalazimika kuanza upya. Wanapopogoa, husimama wamemzunguka Karwirwa karibu sana, ili wamsikie.

Wiki iliyopita alinipigia simu kuniuliza kama namfahamu fundi mzuri wa kuezeka. Chumba cha divai kimejaa, anajenga cha pili. Ana miaka hamsini na saba.