Mfuko wa Pipi

Kila Jumamosi mzee mmoja mkusanya saini aliingia mgahawani kwa Verlene, huko Oklahoma, Marekani, akavua kofia na kupanga karatasi zake karibu na mlango, zisainiwe na wananchi wanaotaka sheria iwaruhusu kubeba bastola hadharani. Kiunoni alivaa mfuko wa bastola usio na bastola, watu waone anachonyimwa. Humo alijaza pipi za mnanaa. Aliyesaini alipata moja, aliyekataa naye alipata. "Binti, utasaini lini?" aliuliza kila mara, kidole gumba kikisugua ngozi ya mfuko. "Ukiacha kumwaga sukari mezani kwangu, mzee," Verlene alijibu, huku kakinga kiganja. Hakusaini kamwe, ila pipi alikula.

Jumamosi ya kwanza baada ya sheria kupita, mzee alikuja bila karatasi, bastola imeujaza ule mfuko wa kiunoni. Verlene, kwa mazoea, akakinga kiganja. Mkono wa mzee, kwa mazoea vilevile, ukashuka kiunoni, ukagusa chuma, ukaganda. Vijiko vikanyamaza mgahawa mzima. Mzee akauinua mkono taratibu, akautazama kama si wake.

"Pipi," akasema kwa sauti ndogo. "Sikufikiria nitaziweka wapi."