Nakala ya Maganga

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu: ile niliyomwambia baba mdogo "sawa" wakati nilipaswa kusema "hapana." Tulikuwa tumesimama mbele ya kibanda changu cha kuchapa barua pale mtaani Ng'ambo, yeye kofia mkononi, tumetoka kumzika mdogo wangu Maganga huko Kigoma alikokuwa akifanya kazi. Mama yetu alikuwa nyumbani Igalula. Alikuwa ametoka kupasuliwa, na daktari alionya asishtuliwe.

"Mgonjwa hapelekewi msiba," baba mdogo alisema. "Apone kwanza. Wazee tutakwenda asubuhi, akishakula, tumweleze taratibu. Mpaka hapo, wewe mwenye mitambo yako, fanya simu ya Maganga isinyamaze."

"Sawa, baba."

Sikuwa kijana wa kusingizia utoto. Nilikuwa mtu mzima, nina kidato cha nne changu, najua neno "sawa" lina uzito gani likisemwa mbele ya mzee.

Nakuandikia haya kwa sababu juzi ulinijia na flashi, ukaniomba nikuwekee lugha ileile niliyoitumia. Nitakuwekea. Ni lugha ndogo sana ya kuandikia programu, wala kuisakinisha si kazi. Unainakili kwenye kompyuta, unaifungua, inakuonyesha mstari mtupu na kukusubiri. Ukiandika neno inajibu papo hapo, na unaweza kuibadilisha huku inaendelea na kazi yake. Lugha nyingine hukudai kwanza uchore ramani ya kitu ndipo ukitengeneze. Hii haina ramani. Unachukua kitu kilichopo, unatoa nakala yake, kisha unaiandikia nakala yale tu yanayoitofautisha na kile ilichonakiliwa, yaani mzazi wake. Ukiiuliza nakala jambo isilolijua, haikai kimya. Inakwenda kwa mzazi, inachukua jibu lake, na inakujibu kana kwamba jibu ni lake mwenyewe.

Shika hapo, mwanangu, maana hapo ndipo nilipoangukia.

Kabla Maganga hajafa nilikuwa nimekwisha kufanya uvivu wa kwanza. Mama alijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na alipenda kutuandikia ujumbe kuliko kupiga simu. Wateja walipojaa kibandani sikuwa na nafasi ya kumjibu. Basi nikachomeka modemu yenye laini yangu ya simu kwenye kompyuta, nikatengeneza kitu nikakiita kwa jina langu, Mihayo. Mama akiuliza kama nimekula, Mihayo anajibu, "Nimekula, mama." Akiuliza nitakwenda lini, Mihayo anajibu, "Nakuja Jumamosi, mama," kwa kuwa Jumamosi ndiyo siku niliyozoea kupanda treni kwenda kumwona.

Ile siku ya "sawa" niliingia kibandani nikatoa nakala ya Mihayo. Mstari mmoja tu. Nikaiita Maganga, nikaiunganisha na laini ya marehemu. Nikaiandikia salamu zake na utani wake, maana Maganga alikuwa akimwita mama "bibi harusi" hata mbele ya mchungaji. Mengine sikuyaandika. Niliona yanatosha.

Kesho yake mama akaandika, "Maganga, u mzima?" Mashine ikajibu, "Mzima, bibi harusi. Umeamkaje?" Nilikuwa nimekaa palepale. Sikugusa kitu. Nilisikia sauti ya mdogo wangu katika maneno yale, nikainuka nikaenda kusimama nje juani.

Mama akapona. Wazee hawakwenda. Kila nilipomuuliza baba mdogo, alisema tungoje kidogo, ona alivyochangamka. Na Igalula yote ilikuwa inajua. Majirani walimkuta kisimani wakamuuliza, "Mama Mihayo, Maganga hajambo?" Naye akawajibu, "Hajambo, asubuhi kaniandikia, mjinga yule." Halafu walimtwisha ndoo na kuondoka bila kutazamana. Hakuna aliyewatuma kuuliza. Nadhani walianza kwa huruma, baadaye wakaogopa kuacha.

Kisha Jumamosi moja niliteremka kwenye treni nikamkuta mama amekaa kwenye benchi la stesheni, amevaa kitenge cha kanisani, miguuni ana bakuli la ugali na nsansa, ile mboga yetu ya majani makavu, lililofunikwa kwa kitambaa. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

"Mama, shikamoo. Umekuja kunipokea?"

"Marahaba. Nikupokee wewe umepotea? Njia unaijua." Akacheka. "Nampokea Maganga. Kaniandikia anakuja Jumamosi."

Maneno hayo sikuyaandika kwa Maganga. Niliporudi Ng'ambo niliifungua programu, na yote yalikuwa wazi. Mama alimuuliza Maganga atakuja lini. Maganga hakuwa na jibu, akamuuliza mzazi wake, na mzazi wake ni mimi. Mashine haikukosea. Ilifanya kile nilichoiambia: ilichukua ahadi yangu mimi mzima ikaitia kinywani mwa maiti.

Nilirekebisha, nikaandika, "Bado sijapata ruhusa, bibi harusi." Mama akajibu, "Uliahidi." Tangu hapo kila Jumamosi alikuwa stesheni na bakuli lake. Nilikuwa nateremka mbele yake, tunasalimiana, nakaa naye kwenye benchi mpaka treni inaondoka na watu wanatawanyika. Mfanyakazi wa stesheni alimwambia, "Bi mkubwa, treni ndiyo hiyo imepita." Mama akamjibu, "Hiyo ya Mihayo. Ya Maganga inafuata." Na mimi niliyekuwa kando yake, mdomo ninao, nikambebea bakuli mpaka nyumbani.

Masika yalimkuta palepale kwenye benchi. Alilowa, akashikwa na kifua, akalala. Nilipofika hakuona tena. Alinyoosha mkono akanipapasa uso, taya, sikio.

"Maganga," akasema. "Umekuja kweli."

Ningeweza kumwambia. Palikuwa na nafasi, na nyumba ilikuwa kimya. Nikafungua kinywa, na kilichotoka ni, "Nimekuja, bibi harusi."

Akatabasamu. Akaniwekea mkono kichwani, akamwombea Maganga afya, watoto na maisha marefu. Kisha akasema, "Kaka yako mwambie asijifungie sana dukani. Siku hizi ananijibu kama mtu asiyekuwepo." Akalala. Asubuhi hakuamka.

Sasa njoo na flashi yako. Nitakuonyesha kila kitu, na utaipenda lugha hii kama nilivyoipenda. Lakini ukitoa nakala ya kitu, tazama kwanza mzazi wake anajua nini, kwa sababu nakala itayasema yote, hata yale uliyosahau kuwa uliyaandika. Anayekupenda akikuandikia, mjibu wewe mwenyewe, hata kwa neno moja, hata ukichelewa. Habari ya msiba ipeleke kwa miguu yako, ukae chini, uishike mikono ya mfiwa. Na wazee tukikwambia ufanye jambo ambalo moyo wako unalikataa, tuamkie kwa heshima, kisha ukatae. Tutanuna, halafu yatapita.

Mungu akujalie watu wa kukungoja, na akujalie kufika kwao ungali wewe mwenyewe.

Mimi sikufika hivyo. Mama yangu alikufa bila kuomboleza mwanawe aliyekufa, na bila kumuaga aliyekuwa hai. Baraka yake ya mwisho ilikuwa ya Maganga. Niliipokea kwa kichwa changu, na si yangu.