Nilisema Hakuna Aliyeandika

Nilimfanya mwanamke amlilie mume aliye hai. Sikukusudia, lakini sitajificha nyuma ya neno hilo. Mwanzoni nilikosa kwa kutojua. Baadaye nilishuku, nikanyamaza, na hapo ndipo ikawa dhambi.

Mimi ni kijana wa Kivu Kusini, nimekulia Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda. Kanisani kwetu ni mimi tu niliyesomea kompyuta Mbarara, basi wazee wakaniomba nitengeneze tovuti ya watu waliopotezana vitani. Tukaweka majina yetu na ya vijiji tulivyovikimbia. Chini yake nikaweka fomu: mtu aandike, abonyeze, ujumbe uingie kwenye barua pepe ya kanisa. Aliyeweza kuifungua barua pepe hiyo ni mimi peke yangu.

Niliijaribu kwenye kafe ya intaneti mjini. Nikaandika salamu, nikabonyeza. Skrini ikasema: "Asante, ujumbe wako umefika." Kabla sijafungua barua pepe kuhakikisha, umeme ukakatika, na gari la Nakivale lilikuwa karibu kuondoka. Nikalikimbilia kwa furaha.

Ee Mungu wangu! Maneno yale niliyaandika kwa mkono wangu. Yangetokea hata kama ujumbe ungetumbukia shimoni. Nilijisomea maneno yangu mwenyewe, nikayaamini.

Jumapili nikasimama mbele ya kanisa nikasema inafanya kazi. Akina mama wakapiga vigelegele.

Tangu hapo, kila niliporudi kutoka Mbarara, Mama Furaha alikuwa kwenye kibanda chake cha unga, pale gari linaposhusha watu. Yeye na mumewe, fundi wa redio, walipotezana njiani wakikimbia. Hakuniuliza kitu. Aliacha kupima unga, akanitazama. Nikatikisa kichwa. Akaendelea kupima.

Sanduku la barua pepe lilikuwa tupu, miezi kwa miezi. Moyo uliniambia, jaribu tena. Lakini ningesema nini kanisani, baada ya vigelegele vile?

Kisha mchuuzi mmoja akaleta habari kwamba Kalemie, kule Kongo, kuna fundi wa redio anayelalamika: ameandikia ndugu wa Nakivale, hawamjibu. Mama Furaha alikuja kwangu mvua ikinyesha, viatu mkononi.

"Mwanangu, haiwezekani barua ilienda fasi ingine, haikufika kwako?"

"Mama, hakuna aliyeandika. Mafundi wa redio beko mingi kule, si yeye tu."

Nilisema hivyo bila kupepesa macho. Muda si mrefu akaitwa kwenye mahojiano ya kuhamia ng'ambo na watoto wake. Wakamuuliza mume yuko wapi. Akasema amekufa. Akarudi, akajifunga kitambaa cheusi, majirani wakaja kukaa naye. Nami nilikuwepo. Nilikula chakula cha msiba ule.

Aliyenifumbua macho ni dada wa kafe, binti wa askari wa kambi ya jeshi ya Makenke, kwa hiyo Kiswahili alikijua. Nilikuwa nanung'unika kwamba dunia imetusahau. Akacheka.

"Hata mwendawazimu hajaandika? Ssebo, bwana wee, wendawazimu huandika kila mahali. Fungua barua taka tuone."

Folda ya barua taka! Sikuwahi kuifungua. Ndani kulikuwa na ujumbe wa watu, umerundikana. Akanieleza kosa: fomu yangu iliweka anwani ya aliyeandika kana kwamba ndiye aliyetuma, ilhali mtumaji halisi ni tovuti. Barua pepe iliona ni udanganyifu, ikazitupa barua zile kule. Nikamuuliza za zamani ziko wapi.

"Zikikaa huku mwezi, zinajifuta. Pole."

Miongoni mwa zilizobaki, moja ilitoka Kalemie. Mume wa Mama Furaha alisema hana simu, kijana fulani anamwandikia, ameandika mara nyingi. Atapita mara moja tu kuangalia jibu, kisha aende machimboni. "Mkinyamaza na safari hii, nitajua Mungu aliwachukua."

Ujumbe ule ulikuwa umekaa humo majuma kadhaa.

Nilimsomea pale kibandani. Kikombe cha kupimia unga kilibaki hewani mkononi mwake. Laiti angenipiga!

"Niliapa amekufa," akasema. "Sasa wale wa mahojiano nitawaambia nini?"

Aliwaambia ukweli. Safari yake ikasimamishwa, na wale waliokuwa wasafiri naye wakapanda basi bila yeye. Nikamwambia nitaandika jibu siku hiyohiyo. Akafungua kile kitambaa cheusi, akakikunja polepole.

"Muandikie. Lakini usiniambie imefika. Uniambie tu umetuma."

Nimetuma, tena na tena. Kalemie hawajajibu. Gari likifika bado anaacha kupima, nami bado natikisa kichwa.

Wewe unayewatengenezea watu tovuti, nakusihi, usiiamini skrini yako. Mwombe mtu wa mbali aandike, kisha nenda ukaitafute barua yake mpaka uione, hata kwenye taka. Anwani ya mtumaji kwenye fomu iwe ya tovuti yenyewe. Na usipojua, sema hujui. Mimi nilisema hakuna aliyeandika, wakati ambapo sikuwa najua lolote.

Na wewe uliyetuandikia miezi ile, ambaye ujumbe wako ulijifuta kabla sijausoma: sijui jina lako, wala sijui nani hapa alikuwa akikungoja. Usidhani ndugu zako walikukataa. Ni mimi. Andika tena.