Tochi ya Shingo Iliyopinda

Donatien wa Kasenga alikuwa na kazi ya kuingia katika nyumba za watu mchana kweupe na kuchungulia mitungi yao. Idara ya afya pale Uvira ilimpa kofia, beji ya shaba na kikombe cha bati chenye mpini mrefu, akatafute viluwiluwi vya mbu katika maji yaliyosimama. Akivikuta, anayamwaga maji nje, mwenye nyumba akitazama. Akina mama walimwita Bwana Mbu, na wengine wakimwona anakuja walijifanya hawana tone la maji nyumbani.

Hakukasirika. Kabla ya kuhamia Uvira, yeye na mkewe Louise walikuwa wakulima kwenye tambarare ya Ruzizi, na huko walizika watoto wawili kwa malaria. Tangu hapo alimwaga maji ya watu bila haya yoyote.

Mwaka wa 1954 alipoteza tochi yake. Ilikuwa ndefu na nzito, na siku moja alipokuwa akivuka mto Mulongwe baada ya mvua ilimchomoka kwapani, maji mekundu yakaimeza. Msimamizi wake akamwambia aende dukani akachague nyingine, moja tu, itakayofaa kwa kila kazi na ambayo hataona taabu kuibeba kila siku. Nyingine asitegemee.

Akaenda kwa Modeste, aliyekuwa na duka dogo mtaani Kimanga. Modeste alikuwa mcheshi, na walifahamiana tangu zamani.

"Weye unatembea na jua," Modeste alimwambia. "Tochi ya nini?"

"Nyumba za huku haziko na madirisha. Na jua haliingii mu mtungi."

Donatien akaomba ndoo ya maji, akatia ndani punje chache za mchele, kisha akamwomba Modeste wafunge mlango wa ghala. Humo, katikati ya magunia ya chumvi na harufu ya sabuni, wakazijaribu tochi moja baada ya nyingine.

Kubwa ya betri tatu ilirusha mwanga mkali ambao ungefika ng'ambo ya barabara, lakini ndani ya ndoo ulirudi kwenye macho yake na kumpofusha. Kitochi kidogo cha kuning'iniza shingoni kilikuwa chepesi kama kibiriti, ila betri zake hazikupatikana Uvira. Ya tatu haikuhitaji betri hata kidogo. Ilikuwa ya kukamua kwa kiganja, inanguruma na kuwaka kadiri unavyoikamua. Modeste aliisifu sana.

"Hii haiishi, ndugu yangu. Utaiachia wajukuu."

Donatien aliikamua kwa mkono wa kulia, akajaribu kuchota mchele kwa mkono wa kushoto. Kila alipochota alisahau kukamua, na giza likarudi.

"Hapana. Minye niko na mikono mbili tu."

Modeste alipanda juu ya gunia akatoa kitu kwenye rafu ya juu, akapangusa vumbi kwa mkono wa shati. Ilikuwa tochi ya kijani ya askari, masalio ya vita, ambayo hakuna mteja aliyeitaka kwa sababu ya umbo lake. Shingo yake ilikuwa imepinda, kioo kikatazama mbele badala ya juu, na mgongoni ilikuwa na kishikizo cha chuma.

"Hii watu wanasema iko kilema," Modeste alisema.

Donatien aliining'iniza kwenye mfuko wa shati, akaiwasha, akainama juu ya ndoo. Mwanga uliinama pamoja naye. Mikono yote miwili ilikuwa huru. Mwanga ulikuwa mpana na mpole, ukashuka mpaka chini kabisa, na punje za mchele zikaonekana zimelala pale kama meno madogo. Betri zake zilikuwa za kawaida, zile zilizouzwa kila duka la Uvira. Akasimama akazungukazunguka ghalani, na popote alipogeuza kifua chake kuta zilitokea, na magunia, na uso wa Modeste ukicheka.

"Nachukua kilema hiki," alisema.

Kuanzia siku hiyo hakuonekana bila hiyo tochi kifuani. Aliniambia mwenyewe kwamba mara ya kwanza alipoitumia ndani ya mtungi aliacha kupumua. Alikuwa amemwaga viluwiluwi kwa miaka bila kuviona vizuri. Sasa aliviona vikining'inia chini ya uso wa maji, vimepinda mithili ya nywele, na mwanga ulipovigusa vyote vilishuka pamoja vikicheza. Alivitazama kitambo kabla ya kuvimwaga, kwa kuwa hakutegemea vitu vinavyoua watoto viwe vizuri hivyo.

Msimu wa mvua akatumwa Mulenge, kwenye vilima vya wafugaji, ambako homa ilikuwa imeanza kupanda kutoka bondeni. Alipofika kwenye boma la mwanamke mmoja aitwaye Florentine mvua ilianza kumwagika. Florentine akamkaribisha ndani, akafunga mlango kwa nguvu ili upepo usiingize maji. Ndani palikuwa giza kabisa, ingawa ilikuwa saa sita mchana. Karibu na mafiga aliketi mama yake Florentine, bibi Libérate, amejifunika blanketi mabegani.

"Umusalimie kwa sauti," Florentine alisema. "Haoni. Ni miaka mingi sasa. Hata mtoto wangu wa mwisho hamujui sura."

Donatien akamsalimu kwa heshima, kisha akawasha tochi na kuinama kwenye mtungi uliokuwa pembeni. Maji yalikuwa safi. Akasimama, akageuka ili amwambie Florentine hivyo, na mwanga wa kifuani ukapita usoni mwa bibi.

"Nani amefungua mlango?" bibi aliuliza.

Mlango ulikuwa umefungwa. Florentine alimtazama Donatien, na Donatien alibaki amesimama vilevile. Mboni za bibi zilikuwa nyeupe kama maziwa. Polepole akageuza kifua upande wa ukuta.

"Basi mumeufunga tena," bibi alisema.

Donatien alisogea kushoto kwake kimyakimya, akamwelekezea mwanga. Bibi akanyoosha kidole kushoto. Akazunguka mpaka kulia, na kidole kikamfuata. Akaifunika tochi kwa kiganja, na nyama ya vidole vyake ikawaka nyekundu. Bibi akashusha mkono.

"Imekwenda," alisema. "Ilikuwa kama jua la asubuhi. Ni nini hiyo?"

Florentine alikaa chini kwenye udongo bila kutafuta kigoda. Donatien akajibu kwamba ni tochi yake. Alihisi, ndivyo alivyonieleza, kama mtu aliyegonga nyumba aliyodhani ni tupu, akasikia hodi yake ikijibiwa.

Hakuwa mganga, wala hakumwahidi bibi chochote. Aliporudi Uvira alimweleza daktari wa hospitali. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kama jicho bado linajua mwanga unatoka wapi, huenda kilichoharibika ni pazia la mbele tu. Akaagiza bibi aletwe.

Wanaume wa Mulenge wakampakia bibi kwenye machela, wakamshusha kwa zamu kwenye njia za utelezi mpaka tambarare, na kutoka hapo lori likampeleka yeye na Florentine ng'ambo ya mto Ruzizi, mjini Usumbura, alikokuwa daktari wa macho. Alipasuliwa jicho moja. La pili daktari alisema halifai kuguswa.

Donatien aliwangojea Uvira siku waliporudi. Bibi aliteremka kwenye lori akiwa na miwani minene iliyofanya jicho lake liwe kubwa kama la ng'ombe. Alimtazama Donatien kuanzia kofia mpaka viatu.

"Sema neno," alimwambia.

"Karibu, bibi."

"Ni weye," alisema, akamshika mashavu kwa mikono yote miwili.

Kisha akageuka. Wanawake walikuwa wameanika ndagala, visamaki vya ziwani, kwenye mchanga, waking'aa fedha tupu mpaka ukingo wa maji, na nyuma yao ziwa lilikuwa limetandaa mpaka milima ya Burundi, bluu ya kutisha, bila wimbi. Bibi alikuwa ameliona ujanani, kutoka juu ya vilima. Alisimama, na Florentine akamshika kiuno.

"Lilikuwa hivi siku zote?" aliuliza.

"Siku zote, mama."

Hakuna aliyethubutu kumharakisha. Donatien, aliyepita hapo kila asubuhi kwenda kazini, naye akavua kofia akatazama.

Baadaye watu wa vilimani walimtolea vipofu wao kila alipopanda. Wengi hawakuuona mwanga wa tochi, naye alijifunza kuwaambia hivyo taratibu, huku amewashika mkono. Wale wachache walionyoosha kidole, aliwasindikiza mwenyewe mpaka hospitali.