Upande wa Dirisha wa Kibanda Kipya

Mavis Oldroyd alikuwa na orodha ndefu ya vitu alivyovidharau, na kibanda cha mume wake kilikuwa juu kabisa, juu hata ya jirani yao Desmond Platt. Kilisimama mwisho wa bustani, nyuma ya nyumba yao mjini Barnsley, kimeinama upande mmoja kama mlevi aliyeegemea ukuta. Mbao zake zilikuwa zimeoza hadi kidole kinapenya. Paa lilikuwa la yale mabati ya saruji ya zamani, yameota ukungu wa kijani. Mlango ulifungwa kwa kamba, na kamba yenyewe ilikuwa imeungwa kwa kamba nyingine.

Humo ndimo Clifford alimoingia kila siku baada ya chai ya asubuhi. Alikuwa amestaafu ufundi umeme wa mabasi miaka kumi na moja nyuma, na tangu hapo sentensi yake ya asubuhi ilikuwa ileile: "Ngoja nikarekebishe kitu kidogo." Mavis hakuwahi kuona kitu kilichoingia mle kibovu kikatoka kizima. Alichosikia ni redio ikitangaza kriketi na, mara mojamoja, nyundo ikigonga mara mbili tatu ili mke aamini kwamba kazi inafanyika. Nyundo ile haikumdanganya hata siku moja. Alikuwa amelea watoto wawili, akapika chakula cha shule kwa miaka ishirini na mitatu, na mtu anayejifanya anafanya kazi alimjua kwa mgongo.

Mwezi wa pili sakafu ya kibanda ilimshinda Clifford. Mguu wake wa kulia ulipenya ubao, ukazama hadi gotini, na kwa dakika ishirini akakaa pale akiita huku mvua inanyesha na Mavis anapiga pasi ndani, madirisha yamefungwa. Alipotolewa alikuwa amechubuka, basi. Lakini aibu ilimlainisha. Jioni ile, mguu ukiwa juu ya stuli, akasema mwenyewe kwamba wakati wa kibanda kipya umefika.

"Na kitakuwa na dirisha refu," alisema, akimwonyesha picha kwenye karatasi ya tangazo. "Upande wa dirisha uwe wako, mpenzi. Uweke nyanya zako."

Mavis aliitazama ile picha kwa muda mrefu. Kila masika nyumba yao iligeuka kitalu. Miche ya nyanya ilikaa kwenye kingo za madirisha yote, juu ya kabati la nguo, pembeni mwa beseni la kuogea, na mwaka mmoja hata juu ya televisheni. Ilirefuka na kukosa nguvu, ikalalia kioo upande mmoja. Clifford alinung'unika kwamba hawezi kufunga pazia bila kumwaga udongo. Kwa miaka arobaini na sita ya ndoa Mavis hakuwa na mahali pake katika nyumba ile isipokuwa jikoni, na jikoni si mahali, ni kazi. Benchi moja tu kwenye mwanga wa kweli, ndilo alilolitaka. Hakulisema hilo. Alisema, "Itakuwa vizuri," akaenda kuwasha birika.

Kibanda kipya kilipangiwa kuletwa Alhamisi ya pili ya mwezi wa nne. Kwa hiyo cha zamani kilipaswa kuwa kimeondoka, na kabla ya kuondoka kilipaswa kuwa kitupu, na hapo ndipo dunia ilipoona Clifford alikuwa anarekebisha nini.

Vilitoka chupa za jemu arobaini zenye skrubu. Zikatoka bawaba za milango ambayo haipo tena duniani. Vikafuata viti vitatu vya kukunja visivyokunjuka, makopo ya rangi iliyokauka ikawa jiwe, mashine ya kukata nyasi iliyokufa wakati watoto wako sekondari, na nyingine iliyonunuliwa iwe spea ya ile ya kwanza, nayo imekufa. Kwenye droo kulikuwa na kiota cha panya kilichotengenezwa kwa uangalifu kutokana na vitabu vya maelekezo. Panya peke yake ndiye aliyewahi kutengeneza kitu mle ndani.

"Tupange mafungu matatu," alisema Mavis. "Vya kubaki, vya dampo, na vya kufikiria."

Kufikia mchana fungu la kubaki lilikuwa limefunika nyasi zote. Fungu la kufikiria lilikuwa limefika kwenye tuta la mawaridi. La dampo lilikuwa na mwavuli mmoja uliovunjika.

"Na hizo nyaya?"

"Zitakuja kufaa."

"Clifford, zimeliwa na panya."

"Ncha tu. Katikati nzima."

Baada ya hapo akauinua ule mwavuli, akautazama, akaanza kuchomoa vijiti vyake kimoja kimoja. "Hivi vinafaa kuegemezea mimea ya njegere," alisema. Mavis aliingia ndani, akasimama mbele ya sinki akisugua sufuria iliyokwisha kuwa safi.

Desmond Platt alitokea saa nane, kama alivyotokea kila mahali palipokuwa na mtu mwingine anayefanya kazi. Alikuwa na kikombe chake cha chai mkononi. Alisimama, akaweka mkono kiunoni, akavuta pumzi kupitia meno, na Clifford naye akaja akasimama kando yake katika mkao uleule. Wanaume wawili wazima walikitazama kibanda kwa nusu saa. Mavis aliwasikia kupitia dirisha.

"Ungeanza na mlango," alisema Desmond.

"Nilifikiria mlango."

"Au paa."

"Ndiyo, au paa."

"Ningekuwa mimi, nyundo tu. Unayapasua, unayatia kwenye mifuko, kwisha habari."

Clifford alikuwa ameshaishika nyundo Mavis alipotoka, bado amevaa glavu za kuoshea vyombo.

"Shusha hiyo," alisema. "Mabati hayo yana asbesto. Vumbi lake linaua mapafu."

Desmond alicheka kwa upole, kama mtu anayemhurumia mtoto. "Mavis, mpenzi, baba yangu aliyakata hayo kwa msumeno maisha yake yote."

"Na baba yako alikohoa maisha yake yote. Tulikuwa tunamsikia hadi huku. Alizikwa na miaka sitini na moja."

Desmond alikunywa chai yake. Mavis alikuwa ameisoma karatasi ya halmashauri kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu katika ndoa ile msomaji wa karatasi alikuwa mmoja. Aliwaambia la kufanya. Mabati yaloweshwe maji kwanza, skrubu zifunguliwe taratibu, kila bati lishushwe zima, lifungwe kwenye nailoni nzito mara mbili na kubandikwa utepe wa gundi, kisha wapige simu dampo wapewe siku. Clifford alivaa barakoa. Desmond alikumbuka kwamba ana jambo nyumbani.

Walifanya kazi ile wawili hadi saa kumi na mbili, Mavis akinyunyiza maji na Clifford akiwa kwenye ngazi, na kusema ukweli Clifford aliifanya vizuri. Mikono yake ilikuwa bado ya fundi. Bati hata moja halikupasuka. Mavis aliona, na kidogo aseme, lakini kumsifu Clifford kuhusu kibanda kulikuwa kuanza tabia mbaya uzeeni.

Kibanda kilichobaki hakikuhitaji kuvunjwa. Paa lilipoondoka, Clifford alisukuma ukuta wa nyuma kwa kiganja, nao ukajilaza chini polepole ukiambatana na wenzake. Miaka yote ile kilikuwa kimeshikiliwa na uzito wa takataka zake. Desmond alirudi wakati huohuo, akasema alijua tu.

Alhamisi vijana wawili walikuja na kibanda kipya katika vipande, wakakisimamisha juu ya vigae vilivyosawazishwa, wakanywa chai, wakaondoka. Kilinukia msonobari. Dirisha lilikwenda urefu wote wa upande wa kusini, na chini yake kulikuwa na benchi, pana, safi, limejaa jua. Mavis aliingia peke yake akaweka viganja vyake juu ya ubao ule. Ulikuwa wa moto. Alipima kwa shibiri: trei nane zingeenea, labda tisa. Akapima tena.

Jumamosi asubuhi Clifford alisimama mlangoni mwa kibanda, jiliwa lake la chuma limemwelemea mikononi, lile la kubania mbao.

"Mavis, hili benchi la dirishani. Hulihitaji sasa hivi, sivyo? Mwanga wake mzuri kwa kazi ndogondogo."

Naye Mavis, aliyelitaka benchi lile kuliko alivyotaka kitu chochote mwaka ule, akafungua kinywa na kusema, "Mimi usinijali."

"Asante, mpenzi," alisema Clifford, akaanza kulifunga jiliwa kwa skrubu.

Hivyo ndivyo mama yake Mavis alivyosema maisha yake yote, na bibi yake, na mtaa mzima unasema hivyohivyo hadi leo. Ukiulizwa kama unataka kipande cha mwisho cha keki, unasema usijaliwe. Anayekuuliza anajua wajibu wake: anakatalia mbali, anakisukuma kile kipande kwenye sahani yako kwa nguvu, unakila huku unalalamika. Mtoto wa miaka mitano anajua. Mke wa Desmond anajua. Clifford Oldroyd peke yake, mzaliwa wa Barnsley, mwana wa mzaliwa wa Barnsley, alikuwa mtu wa kuambiwa neno akalichukua kama lilivyo, kama mgeni aliyeshuka kwenye treni jana.

Basi Mavis akanuna. Siku tatu makabati yalifungwa kwa kishindo. Viazi vilifika mezani vikavu. Kila alipopita dirishani alilaani kimoyomoyo, maana kule mwisho wa bustani aliziona chupa za jemu zikipangwa kwenye jua lake, moja baada ya nyingine, na ile redio ikiwekwa pale ambapo trei ya tatu ingekaa.

"Unaumwa?" aliuliza Clifford Jumatatu.

"Sina neno."

"Vizuri," alisema, akarudi kwenye gazeti. Mavis alimtazama upara wake nyuma ya kurasa na kujiuliza bwege huyu alifaulu vipi mtihani wa umeme.

Jumanne asubuhi aliikuta miche sita imeanguka kwenye ukingo wa dirisha la ngazi. Mashina yalikuwa marefu, meupe, membamba kama uzi, yamejikunja kwenye kioo. Aliichukua trei ile. Hakuvaa koti. Alivuka bustani kwa ndara za ndani, nyasi zikamlowesha miguu, akausukuma mlango wa kibanda kwa goti.

Clifford alikuwa anachagua skrubu. Aliinua kichwa.

"Nataka benchi la dirishani," alisema Mavis. "Lote. Uliniahidi. Nalitaka sasa, si mwakani."

Alikuwa amejiandaa kwa vita. Alikuwa na miaka arobaini na sita ya maneno, ameyapanga vizuri kuliko chupa zile.

Clifford aliitazama trei, akamtazama yeye, na usoni mwake hapakuwa na hila yoyote. Alionekana tu ameshangaa.

"Mbona hukusema?"

Akachukua bisibisi. Kabla chai haijapoa jiliwa lilikuwa limefunguliwa, chupa zimehamia rafu ya nyuma, redio imekaa sakafuni. Alifuta benchi kwa mkono wa sweta yake. Kisha akaenda nyumbani akaanza kuzileta trei mwenyewe, mbili mbili, akipiga hatua za taratibu asimwage udongo, akiuliza ipi ikae karibu na kioo. Hakununa wala hakudai shukrani. Mavis alisimama katikati ya kibanda, maneno yake yote yamejaa kinywani, hayana pa kwenda.

Safari ya nne Clifford alisimama, trei mikononi, akamkazia macho kidogo kama mtu anayekagua waya.

"Kuna kingine?" aliuliza. "Kingine chochote unachokitaka?"

Zamani, mwaka 1979, Clifford alikuwa ananyoa ndevu, mlango wa bafu uko wazi, na kitanda cha mtoto kilikuwa bado hakijatolewa chumbani. Alikuwa ameuliza, akimtazama Mavis kupitia kioo, kama watoto wawili wanatosha, au yeye anaonaje. Alikuwa ameuliza vizuri. Hata wembe alikuwa ameushusha, akasubiri. Na Mavis, aliyekuwa amekwisha kumchagulia yule wa tatu jina, alikuwa amesema kwamba yeye asijaliwe.

"Hapana," alisema. "Hiyo iweke hapa, mwishoni. Kuna jua."