Tangazo la Baba

Kazi yangu ni kupanga maandishi na picha ili mtu aelewe jambo kabla hajachoka kuliangalia. Nina kibanda Kitale, nyuma ya duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi, na hapo natengeneza mabango ya harusi, video za makanisa na slaidi za walimu. Wateja wangu wote wana ugonjwa mmoja. Ukiacha nafasi tupu pembeni wanafikiri umewaibia. Wanataka ijazwe: ua, njiwa, aya ya Biblia, jina la mwenyekiti. Nimezoea kubishana nao, na kawaida nashinda.

Baba alipopotea, sikushinda.

Alikuwa ameanza kusahau. Mara aniite kwa jina la ndugu yake aliyekufa, mara aulize mama ni mgeni wa nani. Siku hiyo mdogo wangu alimleta kliniki Kitale kutoka Kachibora. Alienda dirishani kuchukua dawa, kugeuka, mzee hayupo. Watu wa steji walituambia wamemwona akipanda gari la Bungoma. Tukaelewa. Baba alizaliwa Matulo, upande huohuo wa Bungoma, na siku hizo aliizungumzia sana, kana kwamba nyanya yetu bado anamwekea chakula huko. Tulipiga simu Matulo. Hakuwa amefika.

Nilikaa kwenye kompyuta, nikatengeneza tangazo. Uso wake ulijaza karibu bango lote: picha niliyompiga mwenyewe shambani, amevaa ile sweta ya kijani aliyotoka nayo nyumbani, ndevu hazijanyolewa, macho ameyafinya kwa jua. Juu, neno moja jekundu: AMEPOTEA. Chini, namba ya simu, kubwa kiasi cha kusomwa na mtu aliye mbioni. Basi. Mtu anayepima nyanya sokoni hana muda wa kusoma historia ya ukoo wetu.

Nikalituma kwenye grupu la familia. Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye mwenyekiti wa kila kitu kwetu. Akapiga simu papo hapo.

"Ati hii ni nini umetuma? Umeweka ndugu yangu kama chokora wa mtaani."

"Baba mkubwa, ndivyo alivyo leo. Ndivyo watu watamwona."

"Si kuna ile picha ya suti? Weka hiyo. Na uandike vizuri, baba ya nani, bwana ya nani, mkwe wa wapi. Huyu ni mtu ya heshima, bana. Ako na kwao."

Nilibishana. Nilimwambia suti iko kabatini, baba hatembei nayo Bungoma. Nilimwambia maneno yakizidi yanaifunika picha, na picha ikiwa ndogo haimsaidii mtu kumtambua mwenzake. Akanijibu kwamba nimesoma lakini sina adabu. Mama akachukua simu, sauti imemkauka kwa kulia. "Fanya tu vile baba yako mkubwa amesema," akaniambia. Ungefanya nini? Nikafanya.

Suti ikaingia. Shangazi akataka maua meupe na fremu ya zambarau. Mwingine akataka Zaburi. Ukoo mzima ukafuata kwa herufi ndogo, hadi wajukuu, na mwishoni kabisa nyumbani kwetu Kachibora, na namba ya simu ikasukumwa chini ya maua. Baba mkubwa akaagiza na video, picha za baba zikibadilishana polepole, wimbo wa kanisa ukiimbwa nyuma yake. Nilipomaliza nilitazama kioo cha kompyuta. Neno "amepotea" lilikuwemo, lakini ilibidi ulitafute. Nikawaandikia kwenye grupu kwamba hili ni tangazo la kifo. Shangazi akanijibu nisimtabirie ndugu yake mabaya.

Lilisambaa kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Likapita grupu za makanisa, za vyama vya akina mama, za watu waliosoma pamoja, mpaka Bungoma. Kisha majibu yakaanza kuingia. Poleni sana. Mungu ailaze roho yake mahali pema. Mazishi ni lini? Majirani wakaja nyumbani na sukari na majani ya chai, na mama mmoja alianza kulia tangu getini. Mama yangu akatoka nje akawaambia bwana yake hajafa, amepotea tu, halafu ikabidi awapikie chai. Baba mkubwa alisema watu siku hizi hawajui kusoma. Nilitamani kumrushia kompyuta. Walisoma suti na maua, wakasikia wimbo, wakaridhika kwamba wameelewa.

Nikatuma lile langu la kwanza. Hakuna aliyejisumbua kulisambaza, kwa sababu walikwisha kutupa pole.

Moja tu ndilo lililofika. Mama mmoja anayeuza maharagwe sokoni Bungoma aliletewa na binti yake, akanipigia. Nilipofika nilimkuta ameketi nyuma ya magunia, na hakuniangalia machoni. Alisema baba alikuja hapo na gamubuti miguuni na sweta ya kijani, yeye akampa uji, naye baba akakaa akimsaidia kuchambua maharagwe. Alikuwa mpole. Kisha ile video ikaingia kwenye simu yake.

"Nikaona huyu mtu amefanana na mzee. Lakini huyu wa simu amekufa, si maua ndiyo hayo? Nikasema pengine ni ndugu yake. Nikamwonyesha."

"Akasema nini?"

"Aliangalia mpaka wimbo ikaisha. Akatoa kofia. Akasema poleni, huyo mzee anaonekana alikuwa mtu mzuri. Akaniuliza matanga iko wapi. Nikamsomea, Kachibora. Akasema ni mbali, lakini lazima mtu aende."

Aliondoka kwa miguu, akashika barabara ya Webuye. Tumeipita barabara hiyo yote mpaka Kitale tukiuliza kila duka na kila geti, na hakuna aliyemwona.

Mama ameomba viti vya kanisa, tumevipanga uani na kuwasha moto. Anasema baba akifika akute watu wanaomboleza, la sivyo atadhani amekosea boma, apite. Kwa hivyo kila jioni tunakaa nje, shangazi anaanzisha wimbo, nasi tunaitikia. Mimi nakaa upande wa geti.