Askari Kwenye Mchuzi wa Mama Mkwe

Kuna watu hapa kwetu Bangwe, kando ya ziwa, wakiniona wananipigia saluti, na jeshini sijawahi kukanyaga, kwa hiyo heri mnisikie mwenyewe kabla wengine hawajawaongezea chumvi.

Mimi ni fundi simu, nina miaka thelathini na nane, mke na mtoto, na starehe yangu ni viaskari vya plastiki, vya urefu wa kidole cha mwisho, navigundisha mikono na miguu, navipaka rangi kwa brashi nyembamba, halafu mimi na rafiki yangu tunavipiganisha mezani kwa kurusha dadu (msicheke bado, akiba itahitajika).

Ijumaa hiyo nilikuwa nimepaka kumi na kimoja rangi ya fedha, na nyumbani kuku wangevikanyaga, nikaona chanja ya mama mkwe ya kuanikia dagaa ufukweni, jua kali, pembeni kuna nafasi, nikavilaza pale nikasema narudi sasa hivi. Akaja mteja, simu yake imeingia maji, nikasahau. Mara wingu likatanda, wanawake wakakimbilia kuzoa dagaa, na dagaa na viaskari vyangu, kwa rangi na kwa urefu, ni ndugu. Nilipofika chanja tupu. Kumuuliza mama mkwe nikaona aibu (hakujua mkwewe anachezea nini), nikanyamaza.

Jumapili tukawa kwake, shemeji yangu mdogo kapata kipaimara, uwanja umejaa, ugali na dagaa wa mawese. Mzee Filipo, kiongozi wa jumuiya, akauma kitu: ka! Akatoa mdomoni mtu mdogo ameinua upanga.

"Mana yanje, Mungu wangu!" jirani anayeuza dagaa sokoni pamoja na mama mkwe akapiga kelele. "Kumbe ndiyo dawa yake! Ndiyo maana dagaa wake wanaisha kabla ya wetu!"

Watu wakaweka sahani chini. Mama mkwe akasimama na upawa mkononi, anaapa kwa Bikira Maria kwamba hajui kitu, na kadiri anavyoapa ndivyo watu wanavyosogeza viti nyuma. Mke wangu Neema akanitazama. Yeye alimtambua yule askari.

Nikasimama. "Shikamooni wazee. Huyo ni wangu."

"Wa uchawi?" akauliza Mzee Filipo.

"Hapana, mzee. Wa kuchezea."

"Wa mwanao?"

Ningesema ndiyo yaishe, lakini mwanangu ana miezi minne na wote wanajua. "Wa kwangu mimi."

Mzee akauliza, taratibu, "Walikuwa wangapi?" Nikasema kumi na mmoja, basi uwanja mzima ukaanza kupekua sahani, huyu "nimempata wa mkuki!", yule "wangu hana mguu!", watu wanacheka mpaka machozi, wakanipangia kumi mezani wamelowa mawese. Wa kumi na moja hajaonekana mpaka leo (na hakuna aliyetaka kuulizwa).

Mama mkwe hakucheka. Akanivuta pembeni. "Baba Elia, bora ungeniacha niitwe mchawi, kuliko watu kujua binti yangu nimemwozesha kwa mtoto."

Siku hizi viaskari vinakaukia chumbani, mlango nimefunga, na nikipoteza kitu nauliza papo hapo, iwe aibu isiwe aibu. Mama mkwe bado ananialika. Akiniuliza nitakula nini, naomba maharage.